Muulize Shangazi: G Imemezwa na Nani?

*Tantine, jambo. Ninasoma sekondari hapa Bukavu. Juzi mwalimu wa fizikia aliniinua nisome électromagnétique. Nikasoma: e-le-ki-to-ro-ma-gi-ne-ti-ke. Darasa zima likaangua kicheko. Sasa naitwa Magineti hata sokoni. Nifanyeje?*

Magineti mwanangu, kosa lako ni ukarimu: kila konsonanti uliyoikuta peke yake umeipa irabu ya kutembea nayo. Ndivyo ndimi zetu zilivyolelewa. Ila umefikisha silabi kumi, na Mfaransa anatamka sita tu: é-lec-tro-ma-gné-tique.

"Lec" inaufunga mlango kwa k, usiufungue. "Tro" ni silabi moja. Ile r ya kooni iko karibu na kh ya kheri, lakini Wakongo wengi wanaipiga kwa ncha ya ulimi na wanaeleweka, basi usijikwaruze koo bure. Kilichokuangusha hasa ni gn. Herufi mbili, sauti moja, nawe unayo tangu utotoni: sema "nyanya", usikie ulimi unavyolala bapa kwenye kaakaa. Ma-nye, kama nye ya nyenyekea. Kisha tik, kavu, bila e mgongoni, na mkazo uangukie hapohapo mwishoni, si kwenye silabi ya kabla yake kama tulivyozoea.

Usije tu ukanyenyekea kila mahali: katika diagnostic na stagnant, g inasikika waziwazi kabla ya n. Wafaransa nao hawana huruma.

Wakikucheka tena, waambie waseme sumakuumeme haraka mara tatu. Silabi sita vilevile.

*Shangazi, mimi ninapiga chapa tasnifu Lubumbashi. Neno hilohilo halikuenea mwisho wa mstari, nikalikata électromag-nétique. Mteja amekataa kulipa.*

Mteja ana haki, ingawa ni bahili. Umeipasua sauti moja vipande viwili, kama mtu anayeandika man-ya. Kata baada ya électro-, au ukibanwa sana, électroma-. Wala usiipeleke "que" mstari wa pili peke yake. Kwa maandishi ni silabi, na huko Marseille utawasikia wazee wakiitamka, lakini ukurasani inakaa kama mtoto aliyesahaulika stendi.

Piga chapa upya ukurasa huo mmoja, kwa gharama yako. Zilizobaki adai risiti, alipe.