Godoro Libaki Nyumbani

Mwongozo huu ni wa familia ya Bweremana, kwetu kando ya Ziwa Kivu, inayotaka kwenda vakansi nje ya nchi, nyumba nzima, kuanzia bibi mzaa baba hadi mtoto anayenyonya. Nimewachagulia Mombasa. Watakaouliza kwa nini si Paris wajibiwe hivi: mizigo mingi inayoshushwa Goma imepitia bandari ya Mombasa. Suruali ya mtumba uliyovaa leo huenda imeshaiona bahari ile, na wewe bado. Haifai suruali imtangulie mwenye suruali.

Tena Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tarehe 1 Septemba 2023 Kenya ikatuondolea viza. Mlango uko wazi. Kilichobaki ni kujifunza kuingia kwa mwendo wa mgeni, na hapo ndipo penye kazi.

Maana kufunga mizigo tunajua, tena tunajua mno. Mwezi Februari 2024 mapigano yalipofika Shasha na barabara ya Sake ikakatika, tuliwapokea watu waliokuja na magodoro kichwani. Januari 2025 ikawa zamu yetu. Mtoto wa miaka kumi wa Bweremana anaweza kukusanya sufuria, godoro, karata ya elekta ya mama yake na kamba ya mbuzi kabla maji ya bugali hayajachemka. Hakuna aliyemfundisha darasani. Basi ujuzi huo ndio wa kwanza kuachwa, kwa sababu ndio utakaoharibu vakansi.

Sheria, kwa hiyo, ni moja, na ukiisahau usiendelee kusoma: godoro libaki nyumbani. Ukilibeba, hiyo si vakansi. Isitoshe, kwetu mtu akionekana anatoka na godoro, jirani haulizi unakwenda wapi. Anaingia ndani kufunga la kwake. Ukitoka hivyo asubuhi, kufikia saa sita mchana mtaa mzima utakuwa njiani kukufuata, na nusu yao hawana pasipoti.

Ndiyo maana safari hii itangazwe mapema, na itangazwe kwa sauti. Mwambieni mchungaji au padri, waambieni mama wanaouza sambaza ufukweni, mwambieni mwenye duka la kona, yeye atamalizia kijiji kilichobaki. Semeni tarehe ya kutoka, halafu semeni tarehe ya kurudi mara mbili. Katika kukimbia kwetu kote hakuna aliyewahi kuondoka na tarehe ya kurudi mfukoni. Iandikeni kwa makaa ukutani, mahali ambapo watoto wataipita kila siku.

Mkishatangaza, ndugu watakuja. Mjomba ambaye hamjamwona tangu mazishi ya mwaka juzi atafika akiuliza Mombasa kuna baridi kiasi gani. Mkaribisheni, mpeni chai, kisha mwonyesheni sanduku.

Sanduku ni lile lile la vikundi vyetu vya kuweka na kukopa: la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Benki za Goma zilipofunga milango mwaka 2025, ndipo wengi walipotambua thamani ya sanduku linaloweza kuwekwa chini ya kitanda. Ufunguo wa kwanza ashike baba, wa pili mama. Wa tatu mpeni mama mdogo ambaye hajawahi kumkopesha mtu hata kiberiti. Mjomba akitaka kusafiri atie feza yake kila wiki kama wengine, jina lake liandikwe kwenye daftari. Akishindwa, ataombewa safari njema ya kurudi kwake.

Hesabu ya pasipoti ifanywe mtu akiwa ameketi. Mwaka 2015 serikali ilileta pasipoti mpya kwa dola 185. Mwaka 2020 bei ikashushwa hadi 99. Nyumba ya watu saba, kwa bei ile ya kwanza, ingelipa dola 1,295 kabla ya kununua hata ndizi ya njiani. Kwa ile ya pili, 693. Ulizeni bei ya siku mtakayokwenda, mwulize ofisini kwenyewe, si kwa kijana aliyesimama nje ya ofisi akiwaita "wazazi wangu". Naye mtoto anayenyonya anahitaji ya kwake, hata kama uso ulio pichani atakuwa ameubadilisha kabla wino haujakauka.

Chanjo ya homa ya manjano msiicheleweshe. Cheti chake huanza kukubalika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinafaa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Karatasi moja kwa umri mzima! Katika nchi ambayo karatasi nyingine zote huzeeka kabla ya mwenyewe, hiyo ihifadhiwe kwenye plastiki pamoja na cheti cha ndoa.

Sasa njia. Sehemu ngumu ya safari ya Mombasa haiko Kenya wala Uganda. Iko kati ya Bweremana na Goma, na haifiki kilomita 50. Barabara ikipitika, ipitieni mchana. Mkienda kwa maji, hapa sitanii: kila mmoja avae jileti yake kabla mashua haijaachia gati, na mtoto afungiwe ya kipimo chake. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaonekana kutoka nchi kavu. Mkiona watu wamesimama kwa kukosa nafasi, shukeni. Nauli ikipotea ipotee. Mombasa haihami.

Goma ndege msiitafute, uwanja ulifungwa vita vilipoingia Januari 2025. Mtavuka kwa miguu Petite Barrière hadi Gisenyi, mpande basi la Kigali, kisha Kampala, kisha Nairobi. Pigeni simu siku moja kabla, kwa kuwa mipaka ya ukanda huu hulala na kuamka inavyotaka. Ule wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa mwaka 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Foleni ya mpakani ikisogea, watoto watajipanga nyuma yenu kimya, wakishikana nguo, kama walivyozoea. Waambieni waachane. Waambieni wanaweza kucheka. Askari akiuliza mnakwenda kufanya nini, ajibu mtoto mdogo kuliko wote, na jibu liwe: kuogelea.

Mkiisha kuingia Uganda, kumbukeni kwamba magari yanapita kushoto, na Kenya vilevile. Bibi aliyezoea kutazama upande mmoja kabla ya kuvuka afundishwe kutazama mwingine, au ashikwe mkono, ingawa atakataa. Saa nazo zisogezwe mbele saa moja.

Bibi atakuwa amebeba sambaza zilizokaushwa, mfuko mzima, na basi zima litajua. Mwacheni. Samaki hao wenyewe ni wasafiri: waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewauliza makaratasi.

Kutoka Nairobi pandeni treni. Reli ile ilianza kubeba abiria mwaka 2017, inapita katikati ya Tsavo, na mwenye bahati huona tembo dirishani. Gombaneni kwa zamu kuhusu dirisha, kila mtu nusu saa. Treni haifiki mjini. Inaishia Miritini, kwa hiyo bakizeni feza ya gari la kuingilia kisiwani. Huko kuna Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na kuna feri ya Likoni ambayo mwenda kwa miguu halipi. Ukiniuliza mimi, watoto wapandishwe feri hiyo mara nne. Chombo kimejaa watu, kinavuka maji, na wote wanakwenda kazini au sokoni tu, hakuna anayemkimbia mtu. Hilo nataka walione kwa macho yao zaidi ya ngome.

Bahari ina tabia ambayo Kivu haina: inaondoka. Asubuhi iko miguuni pako, baadaye imekwenda mbali na kuacha majani na kaa, kisha inarudi bila kubisha hodi. Mtoto wetu aliyekulia ziwani ataacha nguo zake mchangani kama anavyoziacha kwenye mawe ya Bweremana, na zitachukuliwa. Maji yakipwa, msitende kama watu walioibiwa. Kaeni hapo mngoje. Yatarudi, na kurudi kwake kuna saa inayojulikana.

Lugha itawapa raha kuliko vyote. Tumezoea kusema batoto na tomati. Wao wanasema watoto na nyanya, na nyanya ni pia mama wa mzazi wako. Bibi akipita soko la Kongowea atasikia nyanya zinauzwa kwa kilo, ageuke kwa hasira. Wazee wa mji huiita tungule, watamtuliza. Msione haya kwa Kiswahili chenu. Atakayewacheka mwambieni kwamba mmetembea nchi nne kuja kumsalimu, na salamu yenu ameielewa yote.

Haya yote yanahitaji miaka miwili ya kuweka akiba, pengine mitatu, na barabara itakayokubali. Mnaweza kuanza Jumamosi hii kwa zoezi moja. Mpe kila mtoto mfuko na saa nzima. Si dakika tano, saa nzima. Achague mwenyewe: nguo ya kuogelea, nguo ya kanisani, mpira, chochote. Mfundishe kukunja shati polepole. Wa kwanza atamaliza upesi, kwa mazoea, na kusimama mlangoni. Mrudishe, akunje tena. Kisha, katikati ya saa hiyo, mmoja wao atauliza kwa sauti ndogo sufuria iko wapi. Usimweleze mengi. Mpeleke jikoni umwonyeshe: iko palepale, juu ya mafiga, na maharage ndani yake bado hayajaiva.