Bei ya Tripleksi Imefika Lima

Nilijiandikisha kwenye mafunzo haya ili nijue kutengeneza vitu. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mpaka leo kitu nilichokimaliza vizuri ni ukurasa wa intaneti unaotangaza kwamba nimejiandikisha ili nijue kutengeneza vitu.

Tunasomea hapa hapa Butembo, ghorofani, juu ya duka la mabati. Unachora kitu kwenye kompyuta, kisha mashine inakikata kwa mwali wa leza, au nyingine inakichapa kwa uzi wa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Mwalimu ni kijana wa rika la kitinda mimba wangu. Ananiita papa kwa heshima zote, halafu ananibebesha kazi za nyumbani bila huruma. Taratibu zake ameziiga kwa Fab Academy, shule iliyoanza mwaka 2009 na kuchipuka kutokana na somo ambalo profesa Neil Gershenfeld alilifungua pale MIT, Marekani, mwaka 1998. Karakana za namna hiyo zimeenea. Kigali wana ya kwao tangu 2016. Sisi tuna chumba, leza ndogo, na jenereta ya jirani.

Siku ya kwanza nilifika na mita ya kupimia mfukoni na koti kuukuu la kazi. Nikaambiwa mashine haziguswi. Kwanza kila mtu ajenge tovuti yake, ajieleze ni nani na anataka kutengeneza nini mwisho wa mafunzo. Baada ya hapo, kila wiki aandike alichofanya, alivyokifanya, kwa vifaa gani, kwa bei gani, kiligoma wapi na alikitatua vipi. Aweke picha. Aweke na michoro yenyewe, ili mtu wa Lima au Seoul aichukue bure akatengeneze cha kwake. Usipoandika, hata ungeunda ndege ikaruka mpaka Beni na kurudi, kwenye daftari la mwalimu hukufanya kitu.

Kujieleza tu kulinitoa jasho. Sisi Wanande majina yetu hufuata zamu ya kuzaliwa: wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Nikaandika Kambale kama jina la kuingilia, limeshachukuliwa. Nikaongeza Butembo, limeshachukuliwa. Mashine yenyewe ikaona aibu, ikanibandikia namba nyuma ya jina, na sasa ulimwengu unanijua kwa namba kama mfungwa.

Zikaja picha. Picha moja ya simu yangu ina mega nne na ushei. Pandisha picha za kipande cha mbao, mbele, nyuma na ubavuni, na mega za nyumba nzima zimekwisha, watoto wanakutazama vibaya. Mwalimu akatufundisha kuzikondesha mpaka kilobaiti 100, nami nikawa nakondesha usiku, saa ambazo mtandao unapumua. Mama watoto akachungulia. Akaona ubao ulioungua, ubao usioungua, ubao karibu na sarafu ili ukubwa wake uonekane.

“Ubao umeupiga picha zote hizi,” akasema. “Mimi mara ya mwisho ilikuwa Noeli.”

Wiki ya leza ndiyo iliyonichosha kabisa. Kumbe mwali unapopita, unakula mbao kidogo, sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita. Usipolijua hilo, visanduku vyako vya kuchomekana bila gundi vitacheza. Basi unakata vipande vyembamba kumi, unavirudisha kwenye tundu lao, unavisukuma upande mmoja, unapima pengo lililobaki kwa kile chuma cha kupimia unene, unagawa. Ni hesabu ya darasa la nne. Ila kuranti ilikatika leza ikiwa katikati, na leza haina tabia ya kukumbuka ilipoishia. Ubao mwingine, kuanzia mwanzo. Na hilo nalo liandikwe, pamoja na jedwali.

Jioni nikapita kwa jirani yangu, fundi wa mbao, nikimtambia.

“Papa, unajua leza inakula mbao?”

“Hata msumeno unakula,” akajibu bila kuinua kichwa.

Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akachora mstari, akapitisha msumeno upande wa kutupwa, mstari ukabaki mzima ukingoni. Ndivyo mjomba wake alivyomfundisha kule Lubero, kwa kofi moja. Nikamuuliza mbona hajawahi kuyaandika mambo haya.

“Ili iweje? Mteja hasomi kiti, anakikalia.”

Nililibeba jibu hilo hadi darasani nikiwa nimeshinda kesi. Mwalimu akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, “Papa, nani alichonga chukudu la kwanza?”

Chukudu! Baiskeli ya mbao iliyobeba viazi na makaa ya Kivu nzima, ina sanamu yake katikati ya Goma tangu 2009. Nikatafuta jina kichwani, nikakohoa.

“Haya. Na Afate Gnikou wa Lomé, aliyeunda mashine ya kuchapa vitu kwa mabaki ya kompyuta mbovu, mwaka 2013? Huyo unamjua, maana habari zake ziliandikwa, tukazisoma hapa.”

Vijana wa leo wakiongea kwa adabu hivyo, huna hata pa kukasirikia.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonifikisha kwenye safu hii ni jedwali la gharama. Hapa ni Butembo, bwana! Mji mzima umejengwa na watu wanaofuata mali Dubai na Guangzhou, ikashushwa Mombasa, ikavuka Uganda, ikaingilia Kasindi, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewahi kutamka alinunua kwa ngapi. Mfanyabiashara wa hapa atakupa binti yake uoe, atakupa na mbuzi wa njiani. Bei aliyonunulia atazikwa nayo. Sasa mimi niandike hadharani: ubao wa tripleksi wa milimita tatu, umenunuliwa duka fulani, kwa dola kadhaa?

Nikaandika. Maksi zinahitajika.

Haikupita wiki, muuza tripleksi akanipigia. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamemjia mmoja mmoja, kila mmoja na simu mkononi, wakimwonyesha ukurasa wangu: mbona yule papa alilipa hii? Bei ile nilikuwa nimeipata kwa kumkalia dukani kutwa na kumkumbusha kwamba mama zetu wametoka kijiji kimoja.

“Papa, futa,” akasema. “Leo hii hii.”

Nikafuta palepale. Kesho yake nikamweleza mwalimu, akafurahi kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa akitafuta mfano. Akafungua mbele ya darasa ile programu inayotunza tovuti zetu, Git, ambayo Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 na ambayo hutunza kila badiliko. Mstari wangu wa zamani ukatokea kwa rangi nyekundu, na bei yake, na tarehe, na saa, na jina langu na namba yangu ya mfungwa. Chini yake, kwa rangi ya kijani, maneno mapya: “bei ya maelewano”. Hata mtu wa Lima anaweza kuyaona yote mawili.

Muuza tripleksi hayajui haya. Amenitumia ujumbe wa shukrani, na ubao unaofuata amenipunguzia dola mbili, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu. Jumatatu natakiwa kujaza jedwali.