Kuvuta Kamba Siku ya Wakwe

Wakwe watarajiwa walitarajiwa saa nane mchana. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshavuta kamba mara 14.

Mashine ya kukata nyasi ni zawadi ya mdogo wangu wa Mwanza. Alikuja likizo, akauona uwanja wetu huku Nkwenda, akasema fyekeo ni utumwa. Mwezi uliofuata mashine ikapanda meli hadi Bukoba, ikavuka Kyaka kwenye daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, ikashuka Omurushaka, ikamalizia safari nyuma ya bodaboda, imefungwa mpira kama mbuzi wa mahari. Ikakata nyasi mara mbili. Tangu mwezi wa tano ilikuwa bandani, na sasa ni Novemba, vuli imenyesha Kyerwa hadi nyasi zinamfika mtoto kiunoni. Watoto hawakuwa na malalamiko, kwa kuwa senene walikuwa humohumo. Kila injini ilipogoma, nilisikia wakishangilia chinichini.

Injini ya petroli haina mambo mengi. Inataka mafuta, hewa, cheche inayokuja kwa wakati wake, na pistoni inayobana. Kikikosekana kimoja, utavuta kamba mpaka bega lihame. Hayo nilikuwa nayajua. Taabu ni kwamba hata wapita njia walikuwa wanayajua.

Kijana wa bodaboda aliegesha bila kuitwa. "Shikamoo mzee. Hiyo ni plagi." Kwa mtu wa pikipiki, hata malaria ni plagi. Akaifungua: nyeusi, imelowa chapa. Akaifuta kwa shati, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nivute tuone cheche. Nikavuta. Cheche hatukuiona, maana ilipita mkononi mwake, na alichokisema kwa Kinyambo hakiandikiki. "Moto upo," akathibitisha, akipepea vidole.

Jirani mwenye mashine ya kukoboa kahawa akasema ni kompresheni. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, nikavuta, kidole kikarushwa. Nilimwona akinywea, alishaanza kunipigia hesabu ya ringi.

Yakabaki mafuta. Petroli ya mwezi wa tano ilikuwa inanuka vanishi, na ndani ya kabureta imeacha utando kama wa uji uliolala. Tukaimwaga, tukapuliza vitundu, tukatia mpya iliyoletwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kichujio cha hewa nikakifua kwa sabuni, nikakianika kwenye jani la mgomba kando ya soksi zangu za sherehe. Kilikauka kabla ya soksi. Nikavuta. Kimya.

Shangazi alikuwa amesimama muda wote, fyekeo mkononi. "Mwanangu, hata ng'ombe hashushi maziwa kabla ndama hajamgusa."

Nilitaka kucheka, kisha nikakiona kile kipira chekundu ubavuni mwa injini, ambacho maelekezo yanataka kibonyezwe mara 3 kabla ya kuvuta. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nikakibonyeza kama ndama anayepiga kiwele kwa kichwa. "Waitu, shangazi, asante!" Nikavuta. Kimya kilekile, ila sasa kina harufu ya petroli. Shangazi hakungoja maelezo. Alianzia langoni.

Kufika saa saba na nusu uwanja ulikuwa mweupe na nyasi zote zimeshatandazwa kwenye migomba. Sisi watatu tulikuwa bado tumechuchumaa. Mjukuu wangu, kopo la senene kifuani, akaja kutuangalia.

"Babu, na yule nyigu atakaa wapi?"

"Nyigu gani?"

"Yule wa kiuno chembamba. Kila siku anaingiza udongo humo." Akaonyesha bomba la moshi.

Tukatazamana. Tangu asubuhi tulikuwa tumehoji kila kinachoingia kwenye ile injini. Hakuna aliyeuliza moshi unatokea wapi.

Nikachokonoa kwa spoku ya baiskeli, udongo mkavu ukamwagika. Ndipo gari la wageni likakata kona. Mtu mwenye akili angeisukuma mashine bandani akanawe mikono. Mimi nilikuwa nimeshavuta kamba kwa zaidi ya saa tano na nusu; singeweza kuacha bila kuvuta tena mara moja. Wageni wakashuka, mshenga mbele, kanzu nyeupe inang'aa. Nikavuta.

Ikawaka! Moshi wa buluu ukatoka, na udongo uliokuwa umesalia ukafyatuka wote kwenye pindo la kanzu.

Mshenga akaitazama kanzu. Akautazama uwanja usio na nyasi hata moja ya kukata. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akainama, akatega sikio kwenye injini.

"Inakohoa," akasema. "Plagi mmeiangalia?"