Kidole cha Junda

Kule Kanada, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Diane Gromala na wenzake waliwatengenezea wagonjwa wa maumivu sugu msitu wa kompyuta. Mgonjwa huvaa miwani, akafungwa vihisi vidoleni vya kupima jasho. Akitulia, ukungu wa msituni hupungua. Akipandwa na wahaka, hutanda. Mwili wenyewe ndio usukani.

Hongera zao, lakini sisi wa Junda, Mombasa, hatukuachwa nyuma. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilirithi NHIF Oktoba 2024, na sasa mgonjwa huthibitishwa kwa kidole. Mama mpara samaki, ncha za vidole zishaliwa na magamba, abonyeza mashine: hakitambuliki. "Mama, pangusa mkono, jaribu chengine." Gumba, shahada, cha kati; kufika cha pete, mtandao umelala. Hapo presha yapanda bila kihisi, na ukungu watanda machoni bila miwani.

Tofauti ni ndogo tu. Kwao, ukitulia, njia inafunguka. Kwetu, ukitulia, foleni inakupita, na dirisha la dawa linafungwa.