Shikamoo kwa Kijana wa Miaka 22

Baba yangu hakuwahi kuwa kijana. Ukimsikiliza akisimulia maisha yake, alichunga mbuzi, akasoma, akashika namba moja, kisha ghafla yuko ofisini na mwavuli wake, ana mke, watoto na daftari la madeni. (Namba moja walishika wazee wote wa nchi hii, aliyekuwa wa pili sijapata kukutana na mwanawe.) Hapo katikati hapasemwi kitu. Ukimwuliza aliingia lini Dar es Salaam, jibu ni lilelile miaka yote: mwishoni mwa 1978. Asiyeamini akamwulize marehemu babu.

Sasa shangazi yangu si mtu wa kutunza siri za serikali. Juzijuzi katoa albamu, na ndani yake mna picha ya studio, nyeusi na nyeupe. Kijana kasimama mbele ya pazia lililochorwa minazi na ndege ya abiria. Bugaluu linafagia sakafu. Raizoni zimempandisha mpaka kichwa kinakaribia kukatwa na fremu. Kola ya shati imefika mabegani, kitana kimechomekwa kwenye afro, na kwapani kakumbatia redio. Nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino: “Ukumbusho, D’Salaam, Mei 1977.”

“Suruali aliazima,” shangazi akasema. “Redio ya mpiga picha. Na hivyo viatu mwenyewe anavidai mpaka leo. Sura tu ndiyo yake.”

Huyu ndiye anayemhubiria mwanangu kuhusu suruali za mlegezo!

Tangu hapo nimekuwa nikijiwazia safari ya kwenda kumsaka. Nitashukia Kariakoo, Julai 1977, CCM ina miezi mitano tu, nisimame nje ya soko jipya alilolichora Beda Amuli, nimsubiri apite. Atapita tu. Mtu mwenye raizoni za kuazima hakai ndani.

Tatizo la kwanza ni salamu. Mimi nina miaka 41, yeye 22. Kwa adabu zetu yeye ndiye wa kuniamkia. Lakini ulimi uliofunzwa kwa fimbo haujui hesabu. Namwona tu akitokea upande wa Jangwani kwa mwendo wa madaha, mdomo unafyatuka wenyewe: “Shikamoo, baba.”

Wauza machungwa wanageuka. Mtu mzima, tena mwenye kipara, anamwamkia mvulana! Naye hababaiki. Anashika kiuno, anajibu kwa sauti ili hata wa ng’ambo ya barabara asikie: “Marahaba, mwanangu. Hujambo?” Kicheko kinapasuka kuanzia kwenye machungwa mpaka kwenye viazi. Katika umati wote ule, mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hakuna aliyekosea.

Anaona nimefaa, ananiburuta hotelini. Anaagiza chai ya maziwa na sambusa, kisha sambusa nyingine, bila kuuliza nani analipa. Ikifika zamu ya kulipa natoa noti yangu ya elfu kumi. Mwenye hoteli anaigeuza, anaimulika kwenye mwanga. Noti kubwa kuliko zote anayoijua ni ya shilingi mia, na kila noti aliyopata kuishika ina sura ya Mwalimu.

“Huyu tembo,” ananiuliza taratibu, “ni rais wa nchi gani?”

Baba ananiokoa. Anasema iandikwe kwake. Linatolewa daftari, na jina lake limejaza ukurasa mzima, mistari inapishana kama foleni ya sukari. Ndipo ninapojua mzee alisomea wapi kazi ya kutunza madeni, na alikuwa upande gani wa meza.

Chai ikipoa anaanza habari za mpira. Kesho ni Simba na Yanga. Yeye ni Yanga damu, na kaweka dau raizoni.

“Za nani?”

“Za mshikaji. Hazipotei.”

Mtoto mwema angefanya nini? Ninainama. “Baba… yaani, kaka. Kesho usiende. Simba watashinda sita bila. Kibadeni peke yake anafunga matatu.”

Chai inamtokea puani. Akishajifuta ananiuliza Simba wamenilipa shilingi ngapi, na zile sambusa anaanza kuzihesabu kuwa za kwangu. Sibishani naye zaidi. Mama bado hajatokea kwenye hadithi hii, na nikivuruga mambo hapa naweza kuzaliwa na shabiki wa Pan African.

Basi nikampigia simu mzee wa leo. Picha sikuitaja. Nikamwuliza kama mtu mwenye shida ya historia tu: “Baba, zile sita za mwaka 1977 zilikuwaje?”

Akakohoa. “Timu ilikuwa imegawanyika. Wachezaji wameondoka, wamekwenda kuanzisha Pan African. Ulitaka tucheze na nani?”

Haya, hilo aliweza kulisikia redioni, kijijini kwao, kando ya mbuzi wake. Nikampa pole, nikanyamaza. Shabiki wa Yanga ukimgusa kwenye zile sita halafu ukanyamaza, atamalizia mwenyewe.

“Halafu lile bao la nne lilikuwa la kuotea!” akafoka. “Nilikuwa upande uleule, nimeliona kwa macho yangu! Na nyumbani nikarudi peku!”

Simu ikakatika. Anasema ni mtandao.

Msomaji, kama mzee wako naye ana mwaka anaouruka, usimsumbue kwa maswali. Tafuta kwanza matokeo ya Simba na Yanga ya mwaka huo.