Jiko la Bwana Pensheni

Wacha nisonye kwanza ndipo niseme. Mtchew!

Wiki ya tatu hii hapa kijiweni kwetu Njombe, pembeni kwa fundi baiskeli, habari ni moja tu. Simba na Yanga tumewapa likizo. Tunajadili jiko.

Jirani yetu mmoja, tunamwita Bwana Pensheni, kalamba kiinua mgongo chake akaenda mnadani kwenye nyumba ya zamani inayovunjwa. Wenzake hurudi na bati. Yeye karudi na jiko la kuni la chuma, lile la kizungu: miguu minne kama ng'ombe, matundu ya sufuria juu yenye vifuniko vya mviringo, tanuri ubavuni, tangi la kuchemshia maji pembeni. Vijana sita walilishusha kwenye pikapu. Mmoja mpaka leo akipiga chafya anashika kiuno.

Wazo lenyewe halikuwa baya, tuseme haki. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba mtu analala na soksi, kofia na malalamiko. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha. Asubuhi majirani ndio wanaovunja mlango. Jiko lenye dohani moshi wake unatoka nje, joto linabaki na wewe.

Basi likawashwa. Lahaula! Moshi ukakataa dohani, ukapita sebuleni ukasalimia wageni. Mkate ukaingia tanurini asubuhi, adhuhuri ukatoka umepauka kama mgonjwa. Kuni zinateketea mzigo kwa mzigo, na mama mwenye nyumba, kimya kimya, anapika chai uani kwenye mafiga matatu.

Kijiwe kikakaa kikao. Bodaboda akasema jiko linataka feni. Fundi baiskeli akasema grisi. Mwingine, ambaye kwao wanapikia gesi, akasema lina mkono wa mtu. Wataalamu tulikuwa tisa, na hata mmoja hajawahi kuligusa.

Pale kwenye kona kuna babu mmoja, mnunuzi wa kahawa ya kikombe kimoja cha saa nzima. Akauliza, "Kuni gani hizo?"

"Mabanzi ya msindano, Babu. Yametoka kupasuliwa jana."

Babu akasonya msonyo mrefu, hadi mbwa wa muuza nyama akageuka. Akanyanyuka, tukamfuata.

Kufika, hakugusa moto. Aligusa dohani. Kalitoa bomba, akakung'uta masizi meusi ya kunata kama lami. "Kuni mbichi ni kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni," akasema. "Joto linaishia humo, dohani inabaki baridi, utomvu na moshi vinaganda. Siku masizi haya yakishika moto, mtaezeka upya. Leteni muwati, uliopasuliwa mwembamba, uliokaa kavuni tangu mwaka jana."

Kisha akaonyesha kishikio kidogo nyuma ya tanuri, ambacho Bwana Pensheni alidhani ni pa kutundikia taulo. Kumbe ndicho ufunguo wa jiko zima! Ukiwasha, unakifungua, moshi unapanda moja kwa moja. Moto ukikolea, unakifunga, na moshi ule wa moto unalazimika kulizunguka tanuri ndipo utoke. Bwana Pensheni hakuwahi kukifunga. Wiki tatu alikuwa anawapashia mawingu joto.

Jioni ile tulikula mkate umeiva mpaka chini.

"Babu, haya umeyajulia wapi?" Akatazama majivu. Akasema alipika miaka mingi kwenye nyumba ya misheni, na tangu arudi hajawahi kuyasimulia, kwa kuwa pale aliitwa boi mpaka mvi zikaota, na hata mtaani watu wakaona ni kazi ya kuficha.

Hapo ndipo msonyo wangu ulipo. Tunanunua chuma cha mzungu kwa kiinua mgongo, tunakipangusa vumbi kwa kanga mpya. Mtu aliyekiendesha chuma hicho miaka yote tumemwacha kwenye kona na kikombe kimoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote zaidi ya "Babu, sogea kidogo."

Sasa Babu ana kiti chake jikoni, na chai halipi. Tatizo jipya ni sisi. Sebule ina makochi yenye vitambaa vya kufuma, haina mtu. Kijiwe kizima kimehamia jikoni kuota moto. Jana Bwana Pensheni alikuwa anatuhesabu kwa kidole. Serikali imezikataza kuni na mkaa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, na anasema kwa tunavyokula mkate wake, kabla baridi haijaisha atakuwa amefika.

Fundi baiskeli amefunga kibanda. Yuko njiani.