Sifa za Enlaja

Washairi wetu wamesifu ngamia, wamesifu majahazi, wamewasifu hata mabwana waliowalisha. Enlaja haijapata ubeti mmoja. Nimeona aibu kwa niaba ya taifa, na kwa kuwa hapa Nakuru simjui mwingine anayemiliki kifaa hiki akabaki na utulivu wa kushika kalamu, kazi imeniangukia mimi.

Kwa waliozaliwa wakakuta simu ina kamera: enlaja ni mashine ya kukuzia picha. Kichwani ina taa, chini ya taa vioo vinene vya kukusanya mwanga, kisha negativu iliyobanwa, kisha lenzi, na kichwa chote hupanda na kushuka kwenye mlingoti wa chuma. Mwanga hupita kwenye negativu ya milimita 24 kwa 36 ukaangukia karatasi iliyolazwa chini. Karatasi huzamishwa kwenye dawa, gizani, taa nyekundu ikiwaka pembeni, na sura ya mtu hujitokeza polepole. Kusafisha picha, walivyoita wazee, kulikuwa huku.

Yangu ni Durst, kampuni ya ndugu wawili, Julius na Gilbert Durst, walioianzisha mwaka 1936 huko Brixen, milimani kaskazini mwa Italia. Niliikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, imetundikwa kofia na koti la mlinzi. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni mashine ya daktari wa meno. Marufuku ya biashara ya vyuma chakavu ya Januari 2022 ndiyo iliyoinusuru isiyeyushwe ikawa nondo, kwa hiyo serikali nayo ipewe haki yake hapa, maana haitapata nafasi nyingine katika sifa hizi. Bei ilitajwa kwa kilo. Nilipofuta lenzi kwa ncha ya shati, macho yakanisaliti, kilo zikasahaulika tukaanza kuzungumzia ubora wa vitu vya Ulaya.

Fadhila ndogondogo nizimalize haraka. Enlaja hupima malori: lori la makontena likipita barabara kuu ya kwenda Eldoret, mlingoti hutikisika kidogo na bibi harusi hupata pua mbili. Ingalikuwapo Januari 1928, tetemeko la Subukia lilipolitikisa bonde hili kuliko jingine lolote lililorekodiwa Kenya, wataalamu wasingehitaji chombo kingine. Stima zikipotea hainung'uniki, kwani giza ndilo riziki yake. Usiku huo mtaa mzima huwa chumba cha giza, na ni mimi peke yangu niliyejiandaa. Tena huitembeza miguu ya mwenyewe. Inataka balbu ya wati 75, kioo chake cheupe kisichoonyesha waya wa ndani, na iwe ya kuskurubu, katika nchi iliyorithi balbu za pini kutoka kwa Mwingereza kisha ikajazwa LED. Wauza vifaa vya umeme wa Kenyatta Avenue sasa wananisalimia kwa huruma.

Lakini fadhila kuu ya enlaja, ambayo peke yake ingetosha kuijengea mnara katikati ya mji, ni mapenzi yake kwa vumbi.

Nakuru haijapata kupungukiwa na vumbi. Tulipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, vumbi lilipandishwa cheo pamoja nasi. Miaka yote tumelifagia bila kulitazama. Enlaja hulitazama. Punje isiyozidi sehemu ya kumi ya milimita ikitua juu ya negativu huzuia mwanga, na picha ikikuzwa mara nane, pale pa punje hutokea doa jeupe la karibu milimita nzima. Negativu ikiwa na anga tupu upande mmoja na shavu la mtu upande wa pili, punje huchagua shavu. Sijaiona ikikosea.

Kwa msaada wa mashine hii nimekuwa mtaalamu wa fani ambayo Chuo Kikuu cha Egerton, pamoja na ukaribu wake, hakijaifikiria. Vumbi jekundu la Bahati hutua punje moja moja, kwa adabu. Jivu la volkano la Njoro hutua na ukoo wake mzima, na ukilipulizia linasogea tu kupisha wenzake. Unga wa vinu vya mahindi hunata. Lililo tukufu kuliko yote ni jeupe la Kariandusi, karibu na Gilgil, pale Louis Leakey alipochimbua mashoka ya mawe na ambapo huchimbwa diatomaiti. Hiyo diatomaiti si kitu ila maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, ulioishi katika ziwa lililokauka kabla ya historia. Mama mmoja alipouliza ni nini kile kwenye pua ya binti yake, nilimweleza kwa heshima zote kwamba ni kiumbe cha ziwa la kale, na kwamba studio za Nairobi hazimpi mteja kiumbe cha ziwa la kale kwa bei ile ile. Alitaka punguzo.

Wala mapenzi hayo hayana ukabila. Vumbi la Molo, la Rongai, la Kuresoi, likifika juu ya negativu lote ni doa jeupe, lote sawa mbele ya taa. Usawa huo bonde hili limeutafuta katika uchaguzi mwingi likaukosa.

Baada ya hapo mtu huketi na brashi ya nywele chache na wino uliopunguzwa makali, akaziba doa moja moja. Jioni nzima, shavu moja. Kazi hii wameifanya mafundi wote wa chumba cha giza, wa Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza huko Unguja mwaka 1930 na wa vijistudio vya mitaa ya nyuma hapa kwetu, kwa sababu enlaja haimkuzi mtu peke yake. Humkuza pamoja na vumbi lake, mikwaruzo yake, na alama ya kidole cha aliyeshika negativu vibaya.

Kisha picha sharti ioshwe. Fiksa, ile dawa ya kuiimarisha picha, ikibaki ndani ya karatasi, picha itageuka njano mwenye picha angali hai. Karatasi zenye plastiki hutosheka na dakika chache; zile nzuri, za karatasi tupu, huoshwa kwa muda wa saa nzima katika maji yanayotiririka.

Na maji hakuna. Nilitaka kuendelea na sifa lakini maji hakuna. Siku isiyo ya mgao hakuna, na siku ya mgao, tuliyoandikiwa na kupigiwa muhuri, pia hakuna. Bomba hukohoa, hutema kutu, hunyamaza. Nimeosha picha za arusi kwa maji ya kununua, mtungi baada ya mtungi, nikihesabu kila tone, huku dirishani mwangu limesimama tangi la lita elfu kumi juu ya mnara wa chuma, limekauka. Kwenye tangi pana bango. Kwenye bango yumo mheshimiwa, mkono juu, meno yote nje, meupe pe, katika nchi hii ya visima vyenye floridi iliyowatia watu wengi meno ya kahawia. Kisima kilizinduliwa kwa mahema, spika na soda. Bango likififia kwa jua hubadilishwa. Pampu iliyoungua haijabadilishwa.

Huyo naye amekuzwa, tena kupita uwezo wa mlingoti wangu. Nimesimama chini ya pua yake. Ni pana kuliko mlango wa chumba changu cha giza. Nimetafuta doa, kwa jicho lililozoea, na sikuliona. Hana hata punje ya Njoro. Kompyuta imemfuta vumbi, imemfuta makunyanzi, imemfuta na kidevu cha pili. Amekuzwa yeye, na hakuna chake kingine kilichokuzwa naye.

Laiti angekuwa mmoja. Kuna sura kwenye ambulansi, kwenye basi la shule, kwenye lango la zahanati isiyo na dawa, kwenye hundi ya basari iliyochapishwa kubwa kuliko mwanafunzi anayeipokea. Nimeona sura kwenye choo. Tuliokua enzi za Moi tulizoea picha moja, kwenye fremu, ukutani pa kila duka juu ya mikate, na sura hiyo hiyo kwenye noti. Katiba ya 2010, ibara ya 231, ikaamuru kwamba noti na sarafu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya zilipotoka Desemba 2018, kifaru, ambaye anahifadhiwa hapa hapa Ziwa Nakuru, akapewa shilingi 5. Noti za 2019 zikaja na jengo la KICC na sanamu ya Jomo Kenyatta mbele yake, na watu wakaenda mahakamani kuuliza kama sanamu si sura. Mawakili wakibishana juu ya kisanamu kisichozidi ukucha, sura zilizofukuzwa kwenye fedha zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye kila kitu kinachonunuliwa kwa fedha hizo hizo.

Enlaja, kwa ubaya wake wote, ingemtendea mheshimiwa haki ambayo bango limemnyima. Kwa hiyo namwalika. Alete negativu moja, ya zamani, ya kabla hajawa mheshimiwa. Haidhuru ikiwa imekwaruzika. Nitamkuzia bila malipo, sentimita 20 kwa 25, pamoja na vumbi lake lote, tena sitaziba doa hata moja, na akipenda ataitundika pale pale kwenye tangi. Karatasi ni yangu, dawa ni yangu, balbu nimeipata. Maji aje nayo.